Utafiti Ulioliwa

"Mimi nikikaa nyuma ya darasa la mwalimu yeyote, kuanzia Kaisho mpaka Kanoni, dakika kumi zinanitosha kumwambia anapokosea. Na mimi waje wanikalie hata kumi. Waje na miwani, waje na tochi. Hawataona kitu."

Maneno hayo aliyasema Mwalimu Mkuu Elpidius Rwezaura kwenye kipaza sauti cha kanisa, sikukuu ya mavuno, katikati ya mnada. Alikuwa ameshinda kuku. Mtu mwingine akishinda kuku mnadani husema Bwana asifiwe, hushika miguu ya kuku wake, hurudi kwenye benchi. Yeye aliomba kipaza sauti. Kuku akiwa kichwa chini mkononi mwake, akatuhutubia juu ya ualimu mpaka mchungaji akaanza kukohoa, na kuku mwenyewe, aliyeanza kwa makelele, akakata tamaa akanyamaza.

Elpidius ni mzaliwa wa Kaisho, upande wa Kyerwa. Baba yake alikuwa na kahawa, migomba na ng'ombe wachache, na Elpidius hupenda kusema kwamba uongozi alijifunzia malishoni. Ndugu zake wanasema ng'ombe wale walikuwa wanajirudisha wenyewe nyumbani, na jioni moja walirudi bila yeye. Akasoma, akawa mwalimu, akafundisha miaka mingi bila mtu kugundua. Ukuu wa shule aliupata kwa njia ya kawaida: aliyestahili aliukataa, kwa sababu alikuwa na akili.

Shule yake iko kando ya barabara ya kutoka Kituntu kwenda Kanoni, katikati ya migomba. Jina naliacha, watoto hawana kosa.

Huenda angeishi salama na kustaafu salama kama si ile semina ya Bukoba. Walimu wakuu waliitwa wiki nzima kufundishwa jinsi ya kuwasaidia walimu wao waendelee kujifunza wakiwa kazini. Wawezeshaji wakawaeleza jambo ambalo wataalamu wamelichunguza miaka mingi: mwalimu habadiliki kwa kusemwa kikaoni, hubadilika akitembelewa darasani na mwenzake, wakaangalia pamoja watoto wanafanya nini, akaambiwa lililokwenda vizuri moja na la kurekebisha moja, akajaribu, wakaangalia tena. Ni jambo la maana na ni rahisi, ndiyo maana lilimshinda.

Wengine walirudi na mafunzo. Elpidius alirudi na fulana, begi la mgongoni na neno moja, utafiti.

Tangu siku hiyo hakuna kilichopona. Kwenye kikao cha harusi alisema utafiti unaonyesha kamati ndogo hula zaidi ya kamati kubwa. Kwenye msiba alisema utafiti unaonyesha watu hufa sana kiangazi. Kijiweni Kituntu vijana wakaanza kumwita Mtafiti. Walilitumia jina hilo nusu kwa heshima na nusu kwa kejeli, na yeye alisikia nusu moja tu.

Nyumbani ndiko alikokutana na upinzani. Mke wake, Avelina, ni mkulima, anamenya ndizi huku anakutazama usoni na kisu hakikosei. Siku moja Elpidius akasimama mlangoni pa jiko.

"Mama Mutabazi, utafiti unaonyesha ndizi zikimenywa jioni zikalala ndani ya maji, asubuhi zinaiva upesi."

"Huo utafiti ulimenya ngapi?"

"Ni wa kitaalamu."

"Basi uambie uje na kisu."

Sasa, kilichomtia wazimu hasa ni ukufunzi. Ilitangazwa kwamba atachaguliwa mwalimu mkuu mmoja awe mkufunzi wa wenzake: azunguke shule kwa shule, apewe pikipiki, akaribishwe, asikilizwe. Elpidius aliutaka ukufunzi huo kama mlevi anavyoitaka rubisi ya asubuhi. Aliutangaza kabla ya kuupata. Alikwenda kwa fundi cherehani akapimwa suti ya kuzungukia. Fundi alipomwuliza suti ya nini, akamjibu, "Ya wilaya."

Sharti lilikuwa moja. Anayeutaka ukufunzi aonyeshe kwanza kwamba shuleni kwake walimu wanatembeleana madarasani, na kwamba kitu kimebadilika.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa adabu kabisa.

Mtu wa mbali anaweza asielewe, kwa hiyo nieleze. Huku kwetu mtu akija kwako haji kukuangalia, anakuja kukutembelea. Anawekewa kiti, anapewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, anaulizwa habari za kwao. Na mdomo ukishatafuna kahawa ya mtu, mdomo huo huo hauna ruhusa ya kusema paa lake linavuja. Waliobuni kutembeleana madarasani hawakuwahi kukaa sebuleni kwetu sisi Wanyambo.

Wa kwanza kutembelewa alikuwa Auleria, mwalimu wa Darasa la Pili, mama mwenye ulimi ambao sitaki kuusogelea. Aliambiwa Jumatano atakuja mkuu pamoja na Lameck wa Darasa la Tano. Akafanya ambavyo mama yake angefanya. Akaazima viti vyenye mito, akatandika kitambaa cha kufuma juu ya meza ya watoto, akaleta kikapu cha kahawa na flaski ya chai. Wageni wakaketi. Wakatafuna. Auleria akafundisha silabi, akimaliza mstari anageuka kuangalia kama vikombe vimepungua.

Baada ya kipindi wakakaa kutafakari, maana semina ilisema lazima watafakari.

"Mwalimu Lameck," mkuu akauliza, "wewe umeona nini cha kurekebisha?"

"Mkuu, mimi nitaona nini na mdomo umejaa?"

"Sema kitaalamu."

"Kitaalamu, tangawizi ilikolea."

Mkuu akaandika: la kurekebisha, hakuna.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya Lameck. Mwanaume hawezi kushindwa flaski na mwanamke. Akaleta ebitoke, ndizi za kupika, na samaki wa kukaanga, na mtoto wa kufukuza nzi akateuliwa kutoka dawati la mbele, mtoto aliyekuwa na bahati mbaya ya kuwa na mikono mirefu. Wa Darasa la Sita aliangukiwa na msimu wa senene, akaleta bakuli zima la panzi hao, wamekaangwa kwa vitunguu, na kipindi cha Sayansi kikaisha bila mgeni hata mmoja kuinua kichwa. Mwalimu wa Darasa la Saba alichinja kuku. Watoto nao wakajifunza haraka. Wakiona masufuria yanaingia, wanatoa daftari na kunakili chochote kilichoko ubaoni, hata kama ni tarehe.

Taarifa zikawa nzuri, na kila menyu ilivyopanda nazo zikapanda. Utafiti pekee wa kweli ambao ungeweza kufanyika pale ni huu: kadiri nyama inavyolainika, ndivyo mwalimu anavyokuwa mahiri.

Auleria alijaribu mara moja kuharibu sherehe. Kwenye kikao cha walimu akanyoosha mkono.

"Mkuu, katika watoto wangu wapo wengi bado hawajui kusoma. Naomba tuzungumzie hilo."

"Utafiti unaonyesha wanajua. Mwalimu Lameck alikaa kwako, hakuona kosa."

"Mwalimu Lameck hakuona hata watoto. Aliwapa mgongo, alikuwa ameielekea flaski."

"Si ulinielekeza mwenyewe kiti?" Lameck akasema.

Walimu wakacheka. Mkuu akagonga meza. "Tusirudishane nyuma. Tuko kwenye asilimia mia."

Usimhurumie Auleria sana. Zamu yake ya kwenda kutembelea ilipofika, alikula mapaja mawili ya kuku wa Darasa la Saba na akaandika hakuna, kwa mwandiko mzuri kuliko wote.

Taarifa ikapanda kwa afisa elimu kata, Evelyn Kemirembe, mwanamke wa Muleba, bado kijana, mwenye sauti ya taratibu inayokufanya uangalie kama umefunga zipu. Akampigia simu Elpidius, ambaye mara moja aliweka simu kwenye spika ili ofisi nzima isikie anavyopongezwa. Ndiyo maana tunayajua yote.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba, mama. Za kazi?"

"Njema. Nimesoma taarifa yako. Walimu wako hawana la kurekebisha."

"Ndivyo, mama."

"Wote."

"Utafiti ndivyo unavyoonyesha."

"Hongera. Basi Jumanne ninakuja na Bwana Athanasi, yule wa wilayani anayeshughulika na mambo ya wakufunzi. Ila kwa walimu wako hatutakaa. Kwa kuwa hawana kosa, tusiwapotezee muda. Tutakaa kwako."

"Karibuni sana. Nyumbani kwangu ni hapa hapa nyuma ya shule."

"Darasani kwako, Mwalimu. Ratiba inaonyesha Hisabati ya Darasa la Tatu, Jumanne na Alhamisi, ni yako."

Lameck alikohoa kidogo, kikohozi cha furaha.

Kweli ilikuwa yake. Kila mwalimu mkuu ana vipindi vyake, na Elpidius alivichagua mwenyewe mwanzoni mwa mwaka, viwili kwa wiki, akaviandika kwenye ratiba kwa wino mwekundu, kisha akaviacha pale kwenye ratiba vipumzike. Darasa la Tatu, siku hizo, lilifundishwa na yeyote aliyepita karibu, na mara nyingi aliyepita karibu alikuwa mbuzi wa jirani.

Zilibaki siku kadhaa. Mwalimu mwingine angeazima kitabu. Angekwenda kwa Auleria, akameza fahari yake, akaomba amkalie nyuma na amwambie ukweli. Ndiyo hasa kazi aliyokuwa anaomba kuifundisha wilaya nzima. Avelina alimkuta jioni ya Jumatatu uani, mikono ya shati imekunjwa, kisu mkononi.

"Baba Mutabazi, somo la kesho umeandaa?"

"Nimeandaa mbuzi."

"Nimeuliza somo."

"Utafiti unaonyesha mgeni aliyeshiba haulizi maswali."

Avelina akafikiri kidogo. "Huo nauamini," akasema. "Huo ndio wa kwanza kuuamini."

Jumanne wageni wakafika. Ofisi ya mkuu ilikuwa imetandikwa vitambaa mpaka kabati la mafaili likaonekana kama bibi harusi. Mbuzi yuko kwenye masufuria mawili chini ya khanga, harufu imetangulia hadi barabarani. Bwana Athanasi wa wilayani ni mtu mkubwa, mpole, na alipoingia pua yake ilikwenda moja kwa moja kwenye khanga na kukaa huko. Elpidius, ndani ya suti mpya, akachukua kikapu cha kahawa akakipeleka mbele kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Karibuni, waitu, wageni wetu. Tafuneni kwanza."

Evelyn aliweka mkono kwenye kikapu, kwa heshima, bila kuchukua hata punje.

"Asante, Mwalimu. Tutatafuna baadaye. Tukianza kutafuna tutakuwa wageni, na leo tumekuja kazini."

Mkono wa Bwana Athanasi ulikuwa umeshafika kwenye kikapu. Ukarudi, ukajifanya unarekebisha saa.

Elpidius akabaki na kikapu chake hewani. Kwa wazee wetu, anayekataa kahawa yako ana jambo moyoni dhidi yako. Akakiweka mezani polepole. Ilikuwa silaha yake pekee, na haikulia.

Wakaenda Darasa la Tatu. Wageni wakaketi nyuma, kwenye madawati ya kawaida, magoti yamefika kidevuni. Walimu wengine wakajazana dirishani, kisingizio chao kilikuwa kujifunza. Elpidius akaingia, chaki mkononi, kifua mbele.

Watoto wakasimama. "Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Kaeni."

Nusu wakakaa. Nusu nyingine wakachukua mifuko yao, wakatoka.

Hakuna aliyewaamuru. Hawakukimbia wala hawakusukumana. Walijipanga mstari, wadogo mbele, wakapita kando ya wageni wakisema shikamoo, shikamoo, mmoja mmoja, wakatoka nje na kwenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta wa jiko, mifuko mapajani, kimya, kama watu wanaojua ni muda gani jambo hilo huchukua.

Elpidius alisimama pale na chaki yake. Nadhani angependa mtu aombe kipaza sauti.

Evelyn akainama kwa mtoto wa kike aliyebaki dawati la mbele yake.

"Mwanangu, wale wanakwenda wapi?"

Mtoto akasimama, mikono nyuma. "Ni wale ambao hawajaleta kilo ya maharage ya chakula cha mchana, Madam."

"Nani kawaambia watoke?"

"Hakuna, Madam."

"Sasa?"

"Mwalimu Mkuu akiingia, wanatoka. Akishaondoka, wanarudi." Aliyasema hayo kama mtu anavyoeleza habari za mvua.

"Na Hisabati ya Jumanne mnafundishwa na nani?"

"Jumanne hatuna Hisabati, Madam."

"Huyu ni mgeni hapa," Elpidius akadakia. "Amehamia juzi."

"Mimi ni wa tangu la kwanza, Mwalimu," mtoto akasema, akakaa.

Ndivyo ilivyokuwa. Ukiondoa siku za masufuria, mwaka mzima Elpidius alikuwa na sababu moja tu ya kuingia madarasani: kuwatoa ambao wazazi wao hawajaleta maharage. Mwanzoni alikuwa anasoma majina. Baadaye akawa anaonyesha kwa kidole. Baadaye watoto, ambao si wajinga, wakaona wampunguzie kazi. Hilo ndilo somo pekee alilowahi kulifundisha Darasa la Tatu, na tumtendee haki: walilielewa wote, asilimia mia, na wangeweza kulirudia hata wakiwa usingizini.

Evelyn akatoka mwenyewe akawaita. Wakarudi mstari ule ule, safari hii wakubwa mbele, maana wadogo waliogopa. Wa mwisho alikuwa kabinti kembamba kanaitwa Nyirabageni. Kakashika mlango, hakakuingia.

"Ingia, mama," Evelyn akasema.

"Mimi nilileta nusu, Madam. Aliyeleta nusu anakaa wapi?"

Evelyn akamshika bega akamkalisha kwenye dawati la karibu na mlango, akarudi nyuma, akafungua kalamu. "Endelea, Mwalimu. Samahani kwa kukukatiza."

Bahati ina ukatili wake. Somo la siku hiyo, kwa mujibu wa muhtasari, lilikuwa sehemu: nusu na robo. Elpidius akachora duara ubaoni. Lilitoka kama kiazi. Akalikata katikati.

"Nusu ni nini? Nusu ni kipande kimoja cha vipande viwili vilivyo sawa. Sawa?"

"Sawaa."

"Nusu ni nini? Ni kipande kimoja cha vipande viwili vilivyo sawa. Tumeelewa?"

"Tumeelewaa."

Akaendelea hivyo, anauliza, anajijibu, anajipongeza, jasho linapita ndani ya suti ya wilaya. Akafika mahali, nadhani kwa kuchoka tu, akauliza akasahau kujijibu. Nyirabageni akanyoosha mkono.

"Nusu ni ile unayorudishwa nayo nyumbani, Mwalimu."

Bwana Athanasi, ambaye mpaka hapo mawazo yake yalikuwa ofisini chini ya khanga, aliinua kichwa. Hakukigeuza tena kuelekea ofisini.

Kutafakari kukafanyika humo humo darasani, watoto wakiwa uwanjani. Elpidius alikuwa bado na tumaini. Akamgeukia mtu wake wa kuaminika.

"Mwalimu Lameck, wewe ulikuwa dirishani. Umeona nini cha kurekebisha?"

Lameck akamtazama mkuu, akatazama upande wa ofisi, akapiga hesabu. "Hakuna, mkuu."

"Hakuna kabisa?" Evelyn akauliza.

"Duara," Lameck akasema. "Duara lingekuwa duara zaidi."

Auleria akasimama bila kuitwa. "Madam, hata kwangu Darasa la Pili watoto hutoka. Sikuandika. Mkuu hakuniuliza, na mimi siku ya Darasa la Saba nilikuwa na kuku mdomoni."

"Unanigeuka, Madam Auleria?" Elpidius akasema.

"Sikugeuki, mkuu. Ninakutembelea."

Evelyn akafunga kalamu yake. Alizungumza na Elpidius kwa heshima ile ile, kama binti kwa baba yake mdogo, na ndicho kilichouma zaidi.

"Mwalimu Mkuu, kuna waraka unaokataza kumtoa mtoto darasani kwa ajili ya mchango. Nilikuletea mwenyewe na ukautia sahihi. Hilo tutalizungumza ofisini kwangu. Hapa niseme la darasani tu. Lililokwenda vizuri: umeingia. La kurekebisha: uingie tena Alhamisi. Na kila Jumanne. Nitakuwa ninakuja, na nitakuja na maji yangu ya kunywa."

Wakaondoka bila kula. Bwana Athanasi alipita mbele ya ofisi akitazama milima. Walimu wakasimama wakiyazunguka masufuria, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Avelina akatokea, akafunua khanga, akaona hayajaguswa.

"Mimi sirudi na sufuria limejaa nyumbani kama mjane," akasema. Akamwita mpishi wa shule, wakayabeba masufuria yote mawili, wakampeleka mbuzi jikoni kwa watoto. Kila mtoto alipata kipande cha ukubwa wa kucha, na mchuzi. Lameck alijaribu kupanga mstari na watoto. Alirudishwa.

Ukufunzi akapewa mwalimu mkuu mmoja wa Kyerwa, mtu mfupi ambaye kwenye semina ile ile alikaa benchi la nyuma na hakusema chochote kinachokumbukwa. Elpidius alizipata habari hizo kijiweni. Akasema utafiti unaonyesha uteuzi ulikuwa na upendeleo. Mtu akamwuliza suti ataivaa wapi. Akasema ana harusi nyingi.

Alipewa onyo, akaachiwa ukuu, na sasa anafundisha. Nasema anafundisha kwa ukarimu. Jumanne na Alhamisi anaingia, maana Evelyn hutokea bila kupiga simu, akakaa nyuma, chupa yake ya maji mezani. Chakula cha kutembeleana kimekufa, na kwa mara ya kwanza fomu zina maneno. Auleria aliambiwa na Lameck kwamba watoto wa nyuma hawaoni ubao. Alinuna siku nzima, kesho yake akawahamisha. Lameck naye aliambiwa na Auleria mambo ambayo bado anayasimulia kwa uchungu.

Na siku moja Auleria alimkalia mkuu mwenyewe. Akamwambia moja tu: "Unauliza swali halafu unajijibu. Uliza, nyamaza, ungoje."

Mkuu akakasirika wiki nzima. Kisha, siku ambayo hakuna aliyemtazama, akajaribu. Akauliza robo ni nini, akafunga mdomo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya katika utumishi wa umma, bila shaka shingo yake ilivimba. Mtoto mmoja nyuma akajibu. Akajibu sawasawa. Mwingine akaongezea. Elpidius akatoka darasani anang'aa, akapita ofisini, akapita barabarani, akamwambia kila aliyekutana naye kwamba utafiti wake, wake mwenyewe, umegundua mwalimu akinyamaza mtoto husema. Jina la Auleria halikutajwa.

Alhamisi iliyofuata akataka kutuonyesha. Akawaita walimu waje dirishani, nasi majirani tukajisogeza. Akachora, akauliza: nikiwa na kilo moja na nimetumia robo, imebaki nini? Akanyamaza. Akangoja. Darasa likangoja naye.

Dawati la karibu na mlango, Nyirabageni akasimama.

"Vizuri," Elpidius akasema, kidole juu, akitutazama dirishani. "Mnaona? Haya, sema."

Mtoto hakusema. Aliinama, akachukua mfuko wake. Nyuma yake wakasimama wengine wawili, nao wakachukua mifuko yao.

"Mnakwenda wapi? Nimeuliza swali. Kaeni."

Hawakukaa. Mwalimu Mkuu kasimama mbele, kataja kilo, kanyamaza, anawatazama. Kwao hilo halikuhitaji maelezo.

"Kaeni," akasema tena, na sauti haikuwa ya kipaza sauti. "Siwafukuzi. Ni swali la Hisabati."

"Nitaleta, Mwalimu," Nyirabageni akasema, ameshafika mlangoni. "Mama amesema tusubiri bei ishuke."

Maharage hapa Kituntu, kilo moja ni shilingi elfu mbili na mia nane.